Gidgee Amekaa Tena

Kwetu mbwa wa maonyesho hafundishwi kukaa. Watu wengine wakipata mtoto wa mbwa, neno la kwanza wanalomfundisha ni "kaa", na akikaa wanaita majirani waje waone. Sisi tunamfundisha kusimama. Asimame mgeni anapompapasa mbavu, asimame jaji anapomfungua midomo kuangalia meno, asimame hata nzi akimtulia puani. Mbwa akikaa kitako mbele ya jaji ni kama bwana harusi aliyesinzia madhabahuni: hakuna aliyekufa, lakini hakuna atakayesahau.

Kwa hiyo Gidgee alipokaa asubuhi ile, nilidhani anaumwa.

Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya wilaya yetu, huku Wimmera, mashambani, mbali na Melbourne. Upande mmoja keki na jemu, upande mwingine kondoo, na katikati, nyuma ya banda la mbuzi, uwanja wetu wa mbwa: nyasi zilizokatwa fupi, kamba nyeupe pande zote, hema moja la kumkinga jaji na jua. Shindano la vijana lina kanuni ambayo watu wa nje hawaiamini mpaka waione. Jaji hampimi mbwa. Mbwa anaweza kuwa na sikio moja na mkia wa kuazima. Anayepimwa ni wewe unayeshika kamba: unavyomkimbiza, unavyompanga miguu, unavyojiondoa mwilini mwako ili aonekane yeye. Ukikaa kati ya jaji na mbwa hata kwa pumzi moja, umepotea.

Mshindi mmoja tu ndiye angekwenda Melbourne kwenye fainali ya jimbo. Na mimi, Reece Maddern, Desemba natimiza miaka kumi na minane. Ukishatimiza, wewe si kijana tena. Mlango unafungwa hata uwe na mikono ya malaika. Miaka miwili iliyopita nilikuwa wa pili. Mwaka jana nikawa wa pili tena. Mara zote mbili aliyekuwa wa kwanza ni Imogen Hentschke, ambaye mara ya kwanza aliponishinda alikuwa na miaka kumi na mitatu na vyuma vya kunyoosha meno mdomoni. Watu wakaniambia, "Wa pili si haba." Wa pili ni haba. Anayesema si haba hajawahi kuwa wa pili.

Wenzangu wengi wamezaliwa kwenye mbwa. Mama zao wana matrela yenye mabomba ya maji moto na mashine za kukaushia manyoya. Mimi nilikuwa na Gidgee, mbwa wa kuchunga ng'ombe, wa buluu mwenye madoa, na jicho moja jeusi kama aliyepigwa ngumi baa. Nilimpata kwa mkulima aliyemwona mlegevu kwa ng'ombe. Nilimfundisha mwenyewe, uani, mbele ya kioo cha kabati nilichokiegemeza ukutani ili nione miguu yake upande wa pili. Kwa hiyo nisamehewe kama nilikuwa najivuna. Nilikuwa na cha kujivunia.

Siku ile jaji alikuwa Bi. Coralie Tebbutt, mama mwenye kofia ya majani na viatu vya shambani, mtu ambaye maneno anayatoa kama dawa ya matone. Msimamizi wa uwanja alikuwa Kelvin, mzee wa kwetu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Namba kumi na moja!" akaita. "Reece, mwanangu, ni wewe huyo, au unasubiri kadi ya mwaliko?"

Nikaingia. Tukakimbia pembetatu yetu, mimi na Gidgee, kamba imelegea, hatua zake na zangu ni wimbo mmoja. Nikafika mbele ya jaji, nikasimama, naye akasimama, miguu minne kama ya meza. Nikatia mkono mfukoni mwa koti kuchukua kipande cha maini makavu, ili asimamishe masikio.

Gidgee akakaa.

Si kwa uchovu wala kwa woga. Alikaa wima, kifua mbele, macho yananing'aria, kama mwanafunzi aliyejua jibu kabla ya swali kuisha.

"Reece," Kelvin akanong'ona kwa mnong'ono uliofika mpaka kwa mbuzi, "umetuletea mbwa au umetuletea kiti?"

Watu kando ya kamba wakacheka. Nikapitisha kiganja chini ya tumbo lake, nikamwinua taratibu, nikampanga mguu wa nyuma. Akasimama. Bi. Coralie akasogea. Nikatia tena mkono mfukoni. Akakaa tena.

"Anaitwa nani?" akauliza jaji.

"Gidgee, mama."

"Amechoka?"

"Hajachoka, mama. Ana..." Nilitafuta neno. "Ana maoni yake."

Jaji akavuta mdomo upande mmoja, akaenda kwa mbwa mwingine. Nilitabasamu mpaka mwisho, maana kutabasamu nako kunapimwa, lakini meno yangu yalikuwa yanasagana. Nilipotoka pale kwenye kamba nilikwenda moja kwa moja kwa bibi yangu.

Bibi Valmai ndiye aliyenilea. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, blanketi magotini, chupa ya chai pembeni, na ile fremu ya kutembelea waliyompa hospitali baada ya kumpasua nyonga imesimama mbele yake kama geti la mbuzi.

"Bibi. Nani amemfundisha huyu mbwa kukaa?"

"Umekula?"

"Bibi!"

"Mimi," akasema, akimimina chai. "Mbona unauliza kama polisi?"

"Mbwa wa maonyesho hafundishwi kukaa. Unajua. Umeishi na mimi na mbwa wangu miaka yote hii, unajua!"

"Ulipokwenda kwa kondoo zako, nani alibaki naye?"

Ni kweli nilikuwa nimekwenda wiki tatu kwenye banda la kunyolea kondoo, kukusanya sufu. Nilikuwa nimerudi jana yake jioni. Nilimwogesha Gidgee, nikamkata kucha, tukalala. Sikumfanyisha mazoezi. Nani anafanyisha mazoezi mbwa aliyekwisha iva?

"Nilibaki mimi," akaendelea. "Mimi na hili geti langu. Kila nikisimama kufungua friji, mwenzio anajipenyeza miguuni kama paka. Jumanne moja..." Akapuliza chai.

"Jumanne moja nini?"

"Jumanne moja nikasalimiana na sakafu."

"Ulianguka?"

"Nilikaa ghafla."

"Bibi, na hukunipigia simu?"

"Ungefanya nini? Umwache kondoo wa watu nusu uchi uje kuniokota? Nilishaokotwa. Basi nikamwambia Gidgee: mimi nikisimama, wewe kaa. Nikitia mkono mfukoni mwa sweta, kaa, upate ganda la tosti. Siku mbili tu, Reece! Babu yako nilimfundisha kuvua buti mlangoni miaka arobaini, akafa hajaelewa."

Sasa niambie, mtu unamgombezaje bibi aliyeanguka? Ningekuwa na adui, ningejua la kufanya. Sikuwa na adui. Nilikuwa na kikongwe mwenye haki na mbwa mtiifu. Hasira isiyo na pa kwenda ni kama maji ndani ya buti: unatembea nayo, inakulilia kila hatua.

"Bora ungemfundisha kuimba," nikasema.

"Kuimba anajua. Usiku hukumsikia?"

Kelvin akaanza kuita namba za wanne waliopita kwenda duru ya mchana. Namba tatu. Namba saba, ambayo ni Imogen. Namba tisa. Halafu akasita, akaisogeza karatasi karibu na pua.

"Namba kumi na moja. Usiniulize mimi, mwanangu. Kazi yangu ni makelele tu."

Nilifurahi kwa kitambo kama cha kiberiti. Kisha nikakumbuka kwamba mchana kuna jaji yuleyule, mfuko uleule, mbwa yuleyule.

Nikampeleka Gidgee nyuma ya banda la kondoo kumfuta lile somo. Nikasimama mbele yake. Akasimama. Nikatia mkono mfukoni. Akakaa. Nikamwinua. Nikatia mkono wa kushoto mfuko wa kushoto, labda alikariri upande. Akakaa. Nikatia ncha ya kiatu chini ya tumbo lake, kwa upole, ili akiteremka akutane nayo. Akakaa juu ya kiatu changu, akajiweka vizuri. Nikasema "simama" kwa sauti ya upole, "simama" kwa sauti ya baba, "simama" kwa sauti ambayo kondoo watatu waligeuka kunitazama. Gidgee alinitazama kwa huruma. Kichwani mwake mimi ndiye niliyesahau: nimetia mkono mfukoni, yeye amekaa, sasa tosti iko wapi?

"Nimesikia mbwa wako amefungua mkutano. Wote mmekaa?"

Alikuwa Imogen, anapita na Fergus, mbwa wake wa Kiayalandi mwenye manyoya mekundu marefu, aliyefunikwa shuka la maua ili vumbi lisimguse. Fergus hatembei, anaelea.

"Na wewe unampeleka saluni au leba?" nikamjibu.

"Anapumzika. Wengine huwa tunajiandaa kabla ya siku." Kisha akapunguza ukali. "Mama yangu ana namna ya kuwatoa kwenye kukaa. Nimwite?"

"Sina haja na mama yako."

"Haya, kaka. Kaa nalo."

Akaenda zake. Sisi wawili tuna deni la utani. Mwaka jana, nusu saa kabla ya duru ya mwisho, nilimwambia kwa uso mkavu kwamba jaji wa siku ile hawezi kuvumilia viatu vyekundu. Akavivua viatu vyake, akakimbia uwanja mzima kwa viatu vya mama yake vilivyompwaya kama mitumbwi. Nilicheka wiki nzima. Hata hivyo alinishinda, na viatu vya mama yake miguuni. Ndivyo alivyo.

Nilikaa juu ya bunda la nyasi kavu, na Gidgee, kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa na ruhusa ya kukaa. Hapo ndipo nikapata akili. Shida haikuwa kusimama, ilikuwa mfuko. Basi mfuko usiwepo. Waongozaji wakubwa, wale wa kulipwa, huweka maini shavuni. Wakitaka masikio ya mbwa, wanayasogeza kwa ulimi mpaka midomoni. Nilikuwa nikiwacheka. Nikachukua kipande, nikakitia shavuni. Maini yaliyokaushwa yana ladha ya soksi ya mtu usiyemjua. Nikasimama mbele ya Gidgee, mikono nje, nikatoa ncha ya maini kati ya midomo.

Akasimama kama sanamu. Masikio juu, shingo juu, macho kwenye mdomo wangu.

Nilitaka kumbusu. Kwa ile harufu, angekubali.

Saa ya duru ya pili ikafika. Watu walikuwa wameongezeka kando ya kamba, na soseji zao ndani ya mkate, mchuzi unawachuruzikia vidoleni. Bibi Valmai alisogezwa mbele kabisa na kiti chake. Nikaingia na shavu limevimba.

Tulikimbia vizuri kuliko asubuhi. Nasema hivyo bila aibu. Pembetatu, kisha mstari kwenda na kurudi, kona zimekatwa safi, na kila jaji alipohamia upande huu, mimi nilihamia ule, mbele ya Gidgee, kama kivuli kinachojua adabu. Nikasimama. Akasimama. Nikatoa ncha ya maini. Masikio yakapanda. Bi. Coralie akamzunguka, akainama, akanyoosha kidole kwenye ungio la mguu wa nyuma.

"Hapa panaitwaje?"

Maswali hayo ni kawaida. Jibu nalijua toka niko na meno ya utoto. Nikafungua mdomo.

"Kffndo," nikasema.

"Samahani?"

"Kfundo sha nnyuma."

Bi. Coralie akanitazama shavuni. Nikafanya kitu pekee kilichobaki kwa mwanamume: nikameza. Kikashuka kizima, kwa kona zake zote. "Kifundo cha mguu wa nyuma, mama," nikasema, machozi yananilenga.

Gidgee aliyaona maini yakienda. Alinitazama kama mtu aliyetapeliwa mchana kweupe. Lakini alisimama. Hakuna aliyegusa mfuko, hakukuwa na sababu ya kukaa.

"Hewala!" Kelvin akapiga kelele. "Mbwa kashiba au kijana kashiba?"

Bi. Coralie akarudi katikati. Akawashukuru namba tatu na namba tisa, wakatoka. Tukabaki wawili, mimi na Imogen, na uwanja ukawa kimya mpaka nikasikia kondoo wakicheua.

"Badilishaneni mbwa," akasema jaji.

Hiyo nayo ni desturi. Wakikaribiana sana, jaji anataka kuona mikono yako bila mazoea yako. Unampa mpinzani wako kamba ya mbwa wako, naye anakupa ya kwake, na kwa muda mnaopishana mna ruhusa ya kuambiana neno.

"Fergus hapendi kuguswa masikio," Imogen akasema. "Mengine anajua mwenyewe."

Ningeweza kunyamaza. Ningempa kamba, angetia mkono mfukoni kama sisi wote, Gidgee angekaa, na mimi ningekwenda Melbourne. Sikunyamaza. Sikutaka kushinda kwa tosti ya bibi yangu.

"Usitie mkono mfukoni," nikasema. "Akiona mkono mfukoni anakaa."

Akanikazia macho. "Kama viatu vyekundu?"

"Imogen, naapa. Bibi yangu kamfundisha. Usiguse mfuko."

Alinipima kwa kitambo. Kisha akachukua kile kipande chake cha maini kutoka mfukoni kabla hajapokea kamba, akakifumbata kiganjani, akaificha ngumi nyuma ya mgongo. Aliniamini. Nakumbuka nilivyojisikia: mkubwa, msafi, mtu mzima.

Nikakimbia na Fergus. Sijawahi kushika mbwa wa namna ile. Kamba haikuwa na uzito. Nilifika mbele ya Bi. Coralie, nikasimama, na Fergus akajipanga mwenyewe, mguu kwa mguu, shingo imepinda kama mpini wa birika la fedha. Upande wa pili wa uwanja Imogen alikuwa amemsimamisha Gidgee. Nilimwona kwa pembe ya jicho, wima, mzuri, buluu juu ya kijani. Jaji akawa katikati yetu, anatazama huku, anatazama kule. Nikajua ni sasa. Ni pumzi chache tu. Melbourne ilikuwa pale, upande wa pili wa ukimya.

Na mkono wangu ukaenda mfukoni.

Sikuutuma. Wallahi sikuutuma. Mkono wa mwongozaji ukisimama mbele ya jaji huenda mfukoni kama mkono wa mlevi unavyokwenda kwenye glasi. Nilihisi maini kwenye vidole, nikasikia watu wanacheka, na nikamtazama Fergus kuona amefanya nini. Fergus hakuwa amefanya kitu.

Gidgee alikuwa amekaa. Muda wote ule, kamba ikiwa mkononi mwa Imogen, macho yake yalikuwa kwangu.

"Reece!" Imogen akasema kwa meno yaliyofungwa. "Viatu vyekundu!"

"Si makusudi!" nikapiga kelele, na kupiga kelele uwanjani ni kosa jingine.

Halafu Imogen akacheka. Hakucheka kwa ajili ya jaji. Alicheka kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya baridi siku ya joto. Akapiga hatua moja mbele, kamba ikalegea, akamwambia Gidgee, "Njoo, bibi mdogo, mkutano umeahirishwa," na Gidgee akainuka kumfuata, mkia unapunga. Hatua mbili, Imogen akasimama, mbwa akasimama naye, na jaji alipozunguka upande mwingine kuwatazama, akahakikisha mwili wake umemzibia Gidgee asinione mimi. Akafumbua kiganja. Masikio juu. Watu wakapiga makofi. Bibi yangu mwenyewe alipiga makofi! Nilimwona.

Bi. Coralie akamnyooshea kidole Imogen.

Utepe wa kwanza kwetu ni wa buluu, na wa pili ni mwekundu. Ninazo tatu nyekundu sasa, ungeweza kuzifungia zawadi. Bi. Coralie alipokuja kunipa, nikashindwa kunyamaza.

"Nilimwonya, mama. Nilimwambia asiguse mfuko."

"Nilisikia."

"Na sikufanya makusudi."

"Najua. Anayefanya makusudi hawi mwekundu mpaka shingoni." Akamshika Fergus kidevuni. "Nikuulize, namba kumi na moja. Huyu alikuwa amesimama vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Masikio?"

"Juu, mama."

"Sasa ulitia mkono mfukoni kumwomba nini zaidi?"

Niliutazama mkono wangu. Akanipa mkono, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mikono yako ni mizuri kuliko ya yule binti. Asubuhi ulipomwinua mbwa wako, nilisema huyu anajua. Lakini ulimwinua kama mtu anayeokota sahani iliyovunjwa na mwenzake. Yule binti alicheka."

Nilitaka kumwambia: ana miaka kumi na mitano, mama! Ana miaka mingine mitatu ya kucheka. Mpe yeye Desemba yangu, uone kama atacheka. Nilisema, "Asante, mama," kwa sababu kusema asante nako kunapimwa, hata kama hakuna tena wa kupima.

Imogen akanirudishia kamba yangu. Alikuwa na utepe wa buluu begani na nywele za Gidgee kwenye sketi.

"Kwa hiyo ulisema kweli," akasema.

"Nilisema kweli."

"Siku nyingine uwe unaanza mapema kusema kweli, Reece. Watu wazoee."

"Hakuna siku nyingine."

Akanitazama upya. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alihesabu umri wangu. "Pole," akasema, na hiyo pole iliniuma kuliko kicheko cha wote. Nikageuka.

Kelvin alikuwa anakunja kamba za uwanja. "Mwanangu, usinune. Mwaka huu umekula, wenzako hawakula."

Nikaokota sanduku langu la brashi, nikaenda kwa Bibi.

Nilimsindikiza Bibi Valmai taratibu mpaka kwenye maegesho, yeye na geti lake, mimi na kiti chake kwapani, sanduku la brashi mkono mwingine. Tukafika kwenye pikapu.

"Ulipiga makofi," nikamwambia.

"Yule mtoto alifanya vizuri."

"Mimi je?"

"Wewe nakupigia makofi nyumbani kila siku, husikii." Akajishikilia kwenye mlango wa gari, anapumua kwa tabu, nyonga ilikuwa inamuuma na hakutaka nijue. "Fungua, Reece. Miguu yangu imekwisha."

Nikatia mkono mfukoni kuchukua ufunguo.

Gidgee akakaa.

Pale pale, kwenye vumbi, mbele ya mlango wa gari, kifua mbele, macho yananing'aria. Nikamwambia inuka. Hakuinuka. Nikamvuta. Alijifanya jiwe. Jua lilikuwa linanipiga utosini, tai inanikaba, na yale maji yote ya kwenye buti yakafurika. Nilimfokea maneno ambayo siyaandiki. Watu wa trela la jirani wakaacha kufunga mizigo yao.

Bibi alisubiri nimalize.

"Mpe," akasema.

"Nimpe nini? Kwa lipi?"

"Tangu asubuhi unatia mkono mfukoni, naye anakaa. Kila mara. Hakukosea hata mara moja. Ni nani aliyempa chake leo? Hata ulichokuwa nacho mdomoni umekila mwenyewe."

Nilisimama na ufunguo mkononi. Ningependa kusema nililainika. Sikulainika. Nilikuwa na hasira naye, na Bibi, na Imogen na kicheko chake, na mkono wangu mwenyewe zaidi ya wote. Lakini bibi yangu alikuwa amesimama juani, na mbwa hakuwa akienda popote. Nikachokora mfuko wa koti, nikapata kipande cha mwisho, kilichoshika vumbi la sufu. Nikampa. Alikichukua kwa ncha ya midomo, kwa heshima, kama mtu anayepokea mshahara uliocheleweshwa.

Kisha akainuka.

Akapiga hatua moja, akasimama. Miguu ya mbele imenyooka chini ya mabega, ya nyuma imepangika sawasawa, vifundo wima, mgongo sawa kama rula, shingo juu, masikio mawili yamechongoka angani. Sikumgusa. Kamba ilikuwa imelala chini. Sijawahi kumwona mbwa amesimama vile, wala Fergus, wala mbwa yeyote wa Melbourne. Alisimama hivyo mbele ya pikapu chafu, katikati ya vumbi, na hakuna jaji, hakuna Kelvin, watu wa trela wamekwisha geuka.

"Aa," Bibi akasema, ameegemea mlango. "Amependeza."

"Ndiyo," nikasema, nikauma meno. "Sasa ndiyo amependeza."